Windows ya Zamani si Kinga

Hukumu imekwisha kutolewa katika steshenari za Kayanga na Omurushaka, katika ofisi za shule za Nkwenda na Isingiro, na kwa mafundi wa Murongo kule mpakani: Windows 11 ni mzigo, kompyuta ni ile ya zamani. Anayenunua laptop iliyotumika, ikiwaka na kumwonesha sura mpya, huipeleka kwa fundi na kumwambia aipige Windows 10, au hata 7 kama itakubali. Mwenye Windows 10 naye hujisifu kwa kutoibadilisha. Ukimkumbusha kwamba Microsoft iliacha kuitunza bure tarehe 14 Oktoba 2025, atakujibu kwamba mbona mashine bado inawaka, inachapa na inatoa kopi kama jana. Malalamiko yanayoijenga hukumu hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Hitimisho lake ndilo lisilofuata, tena ni la hatari kwa wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, ambazo kazi zake nyingi, kuanzia maombi ya mikopo ya wanafunzi hadi kumbukumbu za wakulima wa kahawa, sasa hupita kwenye kompyuta. Umri wa mfumo endeshi hautoshi kuupima. Cha kuuliza ni kama yupo anayewajibika kuziba mianya yake leo, na kama matengenezo hayo yanaifikia mashine iliyo mbele yako.

Tuwape kwanza walalamikaji haki yao. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 ikiwa na masharti makali kuliko ya toleo lolote lililoitangulia: prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, ukiacha chache mno; chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kwenye diski. Sharti la prosesa peke yake limezitupa nje HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460 na Dell Latitude E7470, laptop za kizazi cha 6 zinazopendwa kwenye soko la mitumba kwa uimara wake. Mashine hizo zina nguvu ya kutosha kuandika mitihani, kujaza fomu na kutunza hesabu za chama cha msingi, lakini mlango umefungwa usoni mwao. Toleo la Home nalo humtaka mtumiaji awe na intaneti na akaunti ya Microsoft tangu siku ya kwanza, na hilo ni jambo zito mahali ambapo intaneti ni bando la simu. Menyu ya Start ilisogezwa katikati, amri za kukata na kubandika zikageuzwa vijipicha, na matangazo ya bidhaa za kampuni yakapenyezwa mtu anapotafuta kazi yake. Sioni sababu ya kuyatetea haya. Kampuni iliyapanga kwa maslahi yake, na mteja wa Karagwe hakuulizwa.

Lalamiko kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni uzito, na hapo ushahidi unaanza kugeuka. Laptop inayosemwa kwamba Windows 11 imeiua mara nyingi ni ile yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. GB 4 zinatosha kuiwasha. Ukifungua kivinjari chenye kurasa tano na faili moja la Word, zimekwisha. Mfumo hulazimika kuhamishia mzigo uliozidi kwenye diski, na diski ya kuzunguka husoma kwa kichwa kinachosafiri huku na huko, kwa mwendo usiotosha kuubeba mzigo huo. Matokeo ni kompyuta inayostaki, na mbele ya macho yako kuna sura ya Windows 11, basi lawama zote zinaiangukia. Badilisha diski hiyo kwa SSD, diski isiyozunguka, ongeza RAM ifike GB 8, na mashine ileile huamka, iwe na 10 au 11. Kuna kosa jingine la upimaji. Fundi anaporudisha Windows 10 hufuta kila kitu kwanza: programu zilizojirundika, takataka za miaka mitatu na virusi vilivyokuwa vikifanya kazi kimyakimya. Mteja akirudishiwa laptop nyepesi husema ya zamani ni bora, wakati kilichoiponya ni kufagiwa. Ungeifagia na kuipiga 11 kwenye mashine inayostahili, ungeupata wepesi huohuo.

Historia nayo haiwaungi mkono wanaoitukuza ya zamani, kwa kuwa hata toleo wanalolipenda leo lilipokelewa kwa matusi. Windows 10 yenyewe, hii inayoliliwa leo, ilipotoka Julai 2015 ililaaniwa kwa makosa yaleyale yanayotajwa sasa dhidi ya 11: kula bando bila idhini, kujizima na kujiwasha katikati ya kazi, kumchunguza mtumiaji. Mwaka 2016 mwenye ofisi ya uwakala wa safari huko California alilipwa dola 10,000 baada ya kuishtaki Microsoft, kwa kuwa kompyuta ya biashara yake ilijihamishia kwenye Windows 10 na kuharibika. Mwaka huohuo ilisikika sauti kutoka hifadhi ya Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwamba kompyuta zao zilianza kujipakulia Windows 10, gigabaiti kadhaa, kwa njia ya setilaiti ambayo askari wanaopambana na majangili huitegemea kwa mawasiliano. Huo ndio mfumo unaoitwa leo mtulivu. Kilichoutuliza ni miaka kumi ya kurekebishwa, pamoja na mikono iliyokwisha kuuzoea. Anayeisifu Windows 10 anasifu, pengine bila kujua, matunzo ya miaka kumi, na matunzo hayo ya bure ndiyo yaliyokoma Oktoba 2025.

Matunzo yenyewe ni nini? Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuziba mianya iliyogunduliwa kwenye mifumo yake. Watu wengi hudhani kwamba mfumo ulioachwa hubaki kama ulivyokuwa siku ya mwisho, na kwamba kama ulikuwa salama jana, utakuwa salama kesho. Ukweli ni kinyume. Windows 10 na 11 zina sehemu nyingi za ndani zinazofanana. Kiraka kinapotolewa kwa ajili ya 11, wahalifu hukifungua na kukilinganisha na kilichokuwapo kabla yake ili waone mwanya ulikuwa wapi; kisha huenda kuutafuta mwanya huohuo kwenye 10 iliyoachwa, ambako hakuna wa kuuziba. Kila matengenezo ya mdogo mtu huwa ramani ya kumvamia mkubwa. Hivyo mfumo usiotunzwa huzidi kuwa dhaifu kila mwezi ingawa hakuna hata faili moja lililobadilika ndani yake, na mwenye mashine haoni dalili yoyote kwa sababu printa bado inatoa karatasi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kompyuta iliyoachwa, hata fundi wa kuziba ufa amekwisha kuondoka.

Kwamba umri siyo kipimo, kalenda ya Microsoft yenyewe inathibitisha. Kuna toleo maalumu la Windows 10 kwa ajili ya taasisi, liitwalo LTSC 2021, ambalo linatunzwa hadi Januari 2027, na ndugu yake wa mashine za kazi maalumu, IoT Enterprise LTSC 2021, hadi Januari 2032. Hizo ni Windows 10, ni za zamani, na ziko hai. Upande wa pili kuna Windows 11 toleo la 23H2, ambayo kwa Home na Pro matunzo yake yalikoma tarehe 11 Novemba 2025. Hiyo ni mpya kwa sura, na imekwisha kuachwa. Sasa fikiria laptop ya kizazi cha 6 iliyopigwa Windows 11 kwa kuruka masharti, kazi ambayo mafundi huifanya kwa programu kama Rufus. Microsoft haiihakikishii mashine ya namna hiyo masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayaiendei yenyewe. Hukaa kwenye toleo ililopigwa nalo mpaka muda wake uishe, huku mwenye nayo akiwaringia wenzake kwamba anatumia ya kisasa. Mshabiki wa zamani na mshabiki wa mpya wanaweza kukaa meza moja ya steshenari, kila mmoja akimcheka mwenzake, na wote wawili wakawa hawana mlezi.

Ushahidi mzito zaidi ni tukio la WannaCry la tarehe 12 Mei 2017. Programu ile ilifunga mafaili ya zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi takriban 150 na kudai malipo ili iyafungue. Nchini Uingereza iliathiri angalau mamlaka 81 kati ya 236 za hospitali za umma za England, na ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Wengi husimulia tukio hilo kama kisa cha watu waliong'ang'ania Windows XP. Takwimu za kampuni ya usalama ya Kaspersky zilionesha jingine: karibu waathirika wote walikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unatunzwa, na kiraka cha kuuziba mwanya ambao WannaCry iliutumia kilikuwa kimetolewa Machi 2017, miezi miwili kabla. Kiraka kilikuwepo, kilichokosekana ni kukifikisha kwenye mashine. Tukio hili linazisuta pande zote. Linamsuta anayedhani kununua kipya kunatosha, na linamsuta zaidi yule aliyeagiza fundi azime masasisho milele ili bando lisiishe.

Hapa huja pingamizi linalosikika kuliko yote: nani atapoteza muda kuivamia steshenari ya Nkwenda au shule ya sekondari ya Kaisho? Jibu ni kwamba hakuna anayeichagua. Mashambulizi ya aina hii huendeshwa na programu zinazogonga kila mlango duniani bila kuuliza nyuma yake kuna benki au kuna mashine ya kutolea kopi. Pingamizi la pili ni kwamba kompyuta nyingi za huku haziko kwenye intaneti muda wote. Ni kweli, lakini ziko kwenye flashi. Virusi vya Conficker vilipoenea kuanzia mwaka 2008 na vya Stuxnet vilipogunduliwa mwaka 2010, flashi ilikuwa mojawapo ya njia zake kuu. Mkulima wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kufundishwa jambo hili upya. Tangu mnyauko wa migomba ulipothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, maofisa ugani wamekuwa wakisema kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa hadi shamba la pili, kwa hiyo lichomwe moto kabla ya kutumiwa tena. Flashi inayotoka steshenari kwenda shuleni, kutoka shuleni kwenda ofisi ya kata, na kutoka kata kurudi steshenari, ni panga lisilochomwa. Antivirasi husaidia kuona vimelea vinavyojulikana, lakini ikikaa juu ya mfumo wenye mianya wazi, kirusi huweza kuanza kwa kuizima hiyo antivirasi.

Na kilichomo ndani ya mashine hizo si mali ya mwenye duka peke yake. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB ukifika, wahitimu wa kidato cha sita huja steshenari na vyeti vya kuzaliwa vinavyohitaji uhakiki wa RITA, namba za NIDA, nakala za vitambulisho vya wazazi na wadhamini. Wengine huja kuomba kazi kwenye mfumo wa ajira serikalini, wengine leseni ya biashara kupitia mfumo wa Tausi. Kila mmoja huacha nyaraka zilizoskaniwa, na mara nyingi nywila iliyohifadhiwa kwenye kivinjari ili asisumbuke kuikumbuka. Kompyuta moja ya Omurushaka inaweza kuwa na taarifa za watu wengi kuliko rejista ya kijiji kizima. Wilaya hizi ziko mpakani, na karatasi ya utambulisho ina uzito wake mpakani. Ikiangukia mikononi mwa tapeli, mwenye jina ndiye atakayehangaika kujieleza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Mwenye steshenari anayesema mashine ni yangu na nitaitumia nipendavyo anasahau kwamba amebeba amana za wateja wake.

Upande wa umma hali ni ileile. Shule na zahanati hutoa taarifa za fedha zao kupitia FFARS, manunuzi yamehamia NeST tangu mwaka 2023, hospitali hutumia GoT-HoMIS, na vyama vya msingi vya wakulima, vikiwamo vilivyo chini ya chama kikuu cha KDCU, vimeingizwa kwenye mfumo wa usimamizi wa ushirika, MUVU. Karibu kazi hizi zote hufanyika ndani ya kivinjari. Anayedhani mfumo endeshi ulioachwa utadumu kwa sababu hauhusiani na intaneti aangalie yaliyoipata Windows 7. Matunzo yake yalikoma Januari 2020. Mapema mwaka 2023 Chrome nayo ikaacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yake. Kivinjari kikizeeka, tovuti huanza kukataa kufunguka, moja baada ya nyingine, na mhasibu wa zahanati hujikuta akilaumu mtandao kumbe kilichochoka ni mashine. Windows 10 itafuata njia hiyohiyo, na mwanzoni haitaonekana.

Wapo watakaosema kwamba masasisho ni anasa kwa mtu anayenunua bando la siku. Hoja hii ina uzito, kwa sababu kiraka cha mwezi kinaweza kuwa na mamia ya megabaiti au zaidi. Lakini kulizima sasisho kabisa ni dawa kali kuliko ugonjwa. Mfumo una mpangilio wa kuutambua muunganisho wa simu kuwa ni wa kupimiwa, na ukiuwasha, upakuaji mkubwa husubiri ruhusa yako. Upo pia mpangilio unaoziwezesha kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana sasisho, hivyo shule yenye kompyuta kumi haina haja ya kupakua mara kumi. Hesabu ya kweli ilinganishe bando la mara moja kwa mwezi na gharama ya kuandika upya mitihani ya muhula mzima, au kutafuta upya nyaraka za wateja wote wa msimu wa mikopo. Anayeona bando ni ghali hajaweka thamani kwenye kazi aliyokwisha kuifanya.

Wengine hutaja umeme. Kagera ni mkoa uliozoea kutegemea umeme unaonunuliwa Uganda, na kukatika kwake ghafla si habari. Sasisho likikatizwa katikati, mashine inaweza isiwake tena. Wengine huongeza kwamba sasisho lenyewe linaweza kuwa bovu, na wana mfano mkubwa: tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani kote, zikiwemo za viwanja vya ndege. Hoja hizi mbili ni za kweli, na zote zinadai kitu kimoja, yaani nakala ya akiba ya mafaili, iliyo nje ya kompyuta, pamoja na betri nzima au UPS wakati wa kusasisha. Hazidai kuacha kusasisha. Kwanza, kukatika kwa umeme huharibu mafaili hata kwenye mashine ambayo haijasasishwa tangu inunuliwe. Pili, kosa la CrowdStrike lilikuwa na mwenye kosa: kampuni ilijulikana, marekebisho yalitolewa siku ileile, na ikawajibika mbele ya wateja wake. Mfumo ulioachwa ukipasuka, hakuna wa kumpigia simu.

Kuhusu akaunti, lawama igawanywe vizuri. Microsoft inastahili yake kwa kulazimisha. Lakini madhara makubwa zaidi hutokana na desturi ya fundi kufungua mashine ya mteja kwa baruapepe yake mwenyewe ili kazi iishe haraka. Kwenye Windows 11 za karibuni, kompyuta inayoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft inaweza kufunga diski yake kwa usimbaji, na ufunguo wa kuifungulia hutunzwa ndani ya akaunti hiyo. Siku mashine itakapoudai, ufunguo uko kwa fundi aliyekwisha kuhamia Mwanza. Kurudi Windows 10 hakutibu desturi hiyo. Kinachoitibu ni mteja kusisitiza akaunti iwe yake, nywila aijue yeye, na ufunguo uandikwe kwenye karatasi na kutunzwa. Desturi nyingine ni ya kufungulia leseni kwa programu za wizi kama KMSPico. Mwishoni mwa mwaka 2021 wachunguzi wa usalama walieleza jinsi KMSPico bandia ilivyokuwa ikibeba CryptBot, programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Programu hizo huomba antivirasi izimwe kwanza, na watu huizima. Ya zamani inayopigwa kwa njia hii haina hata usafi iliyokuwa nao ilipotoka kiwandani.

Basi je, zitupwe zote tununue mpya? Hapana, na huo ni upotofu wa upande wa pili, unaopendwa na wauzaji. Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 haijafa. Tarehe ya kampuni si tarehe ya mashine. Kwa Windows 10 ya mtu binafsi, Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa viraka wenye ukomo wa tarehe 13 Oktoba 2026, unaopatikana kwa dola 30 au bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni. Kwa taasisi za elimu zenye leseni, nyongeza ya mwaka wa kwanza iliwekwa kwenye dola 1 kwa mashine, ya pili dola 2, ya tatu dola 4. Shule yenye maabara ya kompyuta ishirini inaweza kununua miaka mitatu ya kujipanga kwa dola 140, ikiwa tu mkuu wa shule anajua kwamba mpango upo. Hiyo ndiyo namna halali ya kubaki na ya zamani: kwa muda unaojulikana, ikiwa na mtunzaji, ukiwa unajiandaa kuondoka.

Njia nyingine ni Linux. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 hutunzwa bure hadi mwaka 2029, Mint huridhika na RAM ya GB 4, na hakuna prosesa ya kizazi cha 6 inayofukuzwa. Hoja kwamba Linux ni ya wataalamu wa mbali imepitwa na wakati. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na Wasweden kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili na kufanya kazi hata kwenye Linux. Kwa mwalimu anayeandika mitihani na mhasibu anayeingia FFARS kwa kivinjari, LibreOffice na Firefox zinatosha. Kwa steshenari inayotengeneza kadi za harusi kwa Publisher na picha za pasipoti kwa Photoshop, hazitoshi, na hakuna faida ya kudanganyana: programu hizo hazikuundwa kwa Linux, na baadhi ya printa za bei nafuu husumbua. Lakini hata hapo ya zamani haina ahadi ya kudumu, kwani Publisher yenyewe Microsoft imetangaza kuiacha Oktoba 2026. Duka lenye mashine tatu linaweza kubaki na moja ya Windows inayotunzwa kwa usanifu, na mbili zikafanya kazi ya fomu kwa Linux.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho yanawaendea wenye kuamua. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, zinapoandaa manunuzi ya kompyuta, ziache kuandika tu ukubwa wa RAM na diski. Ziandike mfumo endeshi utatunzwa hadi mwaka gani, leseni ni ya nani, na nani atasasisha. Wakuu wa shule na viongozi wa vyama vya msingi waombe orodha ya kila mashine na tarehe yake ya mwisho wa matunzo, waibandike ukutani kama wanavyobandika ratiba. Mnunuzi wa laptop iliyotumika atazame kizazi cha prosesa kabla ya kutazama sura ya skrini. Mwenye steshenari asikubali mashine iliyofunguliwa kwa akaunti ya mwingine, na mafaili ya wateja ayafute kazi inapokwisha. Baada ya hapo, apendaye menyu ya kushoto na aipende, asiyetaka 11 na asiitumie. Ila mashine ambayo hakuna tena anayeitengenezea viraka, iwe na namba 7, 10 au 11, isiguse vyeti vya watoto wa watu.